Mfuko wa Shati Kwenye Pazia

Mtaa mzima walimwita Mama Wembe, na si kwa sababu ya ulimi, ingawa ulimi nao ulikuwepo. Alikuwa fundi cherehani, na wembe wake aliuchomeka kwenye kipande cha sponji pembeni ya mashine, tayari muda wote. Mwanafunzi wake akishona mshono uliopinda, hakumfokea. Alimsubiri atoke akanywe chai, akaufumua wote, akaushona upya. Mtoto wa watu akirudi anakuta nguo imetundikwa, imenyooka, na Mama Wembe anakoroga chai yake utadhani hajagusa kitu. Wengine walimaliza mafunzo wakiamini kweli ni mafundi. Walipofungua vibanda vyao ndipo walipoona cha mtema kuni.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume mtu mzima aliyeanza kuota mvi kidevuni, na huyo mtaa ulimwita Kesho. Jina hilo alijipatia mwenyewe. Kila alipookotwa mtaroni amelewa chakari, akasimamishwa, akapanguswa tope, neno lake lilikuwa moja: "Kesho naacha." Watu walicheka. Mama yake hakuona cha kuchekesha. Mume alikwishamzika, na kitu kimoja tu alichobaki akikitaka duniani ni kumwona huyu mtoto akiiacha pombe kabla pombe haijammaliza. Alijaribu maombi, akajaribu matusi, akajaribu hata kumfichia viatu. Wapi! Kesho alikwenda kilabuni peku.

Sasa mtaa huo ulikuwa na ukumbi wa zamani, na ndani ya ukumbi jukwaa lenye pazia zito la rangi ya damu ya mzee. Pazia lile lilishonwa kwa mkono na mabibi wa mtaa, zamani hizo ukumbi ulipojengwa. Panya walilitafuna, mvua ya paa bovu ikalimalizia. Makumbusho ya mji yalipokabidhiwa ukumbi yakamleta mhifadhi, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, na kila mtu akajua kitakachofuata: pazia litapelekwa kwa wataalamu, na wenye mtaa wataambiwa wakae mbali.

Dada akaja na lake. Aliitisha mkutano akasema pazia litashonwa na mtaa wenyewe, humo humo ukumbini, kila mtu aweke kiraka cha nguo ya mtu wake. Na aliowataka wa kwanza ni wale ambao mtaa umewakatia tamaa: walevi, vijana wa vijiweni, wasichana waliojifungia ndani na aibu zao. Wakae na wazee, washone, waongee.

"Walevi washone?" Aliyesimama ni muuza mkaa, jirani wa Mama Wembe, mtu wa utani usio na breki. "Dada yangu, watajishona wenyewe kwa wenyewe! Itabidi tuje tuwafumue ndipo waende makwao."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mhifadhi naye alicheka, kisha akasema, "Sheria ni moja tu. Mshono wa mtu hauguswi. Ukipinda, umepinda. Wale mabibi nao walipinda, njooni muone." Akainua pindo la pazia na kuwaonyesha. Kweli bwana, kila bibi alikuwa na mwendo wake.

Mama Wembe aliitazama ile mishono ya mabibi, akasonya kimoyomoyo. Mungu awarehemu, lakini pindo lile yeye angelifumua lote.

Siku ya kwanza Kesho alikwenda shingo upande, kwa kuwa mama yake alimkalia kooni. Siku ya pili alifuata chai ya bure. Baada ya hapo akawa anakwenda mwenyewe bila kuambiwa, asubuhi, uso umenawa. Jioni moja akauliza, "Mama, lile shati la baba la mistari bado lipo?"

Lilikuwepo, chini kabisa ya sanduku. Alimpa bila kuuliza la nini, akiogopa swali lisije likamtibulia. Kesho akakata mfuko wa kifuani, ule ambao mzee alikuwa akiwekea penseli yake ya useremala na peremende za watoto wa jirani. Akaukunja vizuri, akaondoka nao.

Mtu akiacha pombe mikono hutetemeka, na ya Kesho ilitetemeka kama ya mtu anayetoka kwenye baridi. Mhifadhi alimsimulia Mama Wembe kwamba kupitisha uzi tu kwenye tundu la sindano humchukua Kesho asubuhi nzima, na mtu akitaka kumsaidia anakataa. Jioni Kesho alirudi nyumbani vidole vimechomwachomwa, macho meupe, akala chakula chake akalala. Wiki zikapita hivyo. Mama Wembe alikuwa na furaha mpaka akawa anaiogopa.

"Usije kuchungulia," Kesho alimwambia. "Hata dada mhifadhi sijamwonyesha. Utakiona siku ya kutundika."

"Kwani mimi nina shida gani na kiraka chako?"

"Mama, mimi nakujua."

Wakacheka wote wawili. Nyumba ile ilikuwa imesahau kicheko.

Pazia lilikuwa limefumuliwa vipande vikubwa ili watu wapate kulizunguka. Viraka vilipokwisha, vile vipande vilihitaji kupigwa pasi na kuungwa tena, na cherehani pekee pale mtaani iliyoweza kitambaa kizito namna ile ilikuwa ya Mama Wembe. Mhifadhi alivileta kwa mkokoteni.

"Pasi na kuunga tu, mama yangu," alisema.

"Pasi na kuunga tu," Mama Wembe akaitikia, na wallahi, alikuwa na nia hiyo hiyo.

Alipiga pasi viraka vya watu, magauni ya marehemu, sare za shule, tai ya mwalimu mstaafu, mpaka akaufikia ule mfuko. Mishono yake, ee Mungu! Mmoja mrefu, wa pili mfupi, wa tatu umeruka nje kabisa ya shati. Hapa uzi umelegea, pale umevutwa mpaka kitambaa kimejikunyata. Upande wa juu haukushonwa kabisa. Mama Wembe akaweka kiganja juu yake, akalia. Alilia kwa furaha, kwa sababu kila mshono uliopinda pale ilikuwa dakika ambayo mwanawe hakuwa amelewa, na alilijua hilo vizuri sana wakati ule.

Basi na muuza mkaa naye saa hiyo ndiyo akatokea, analeta mkaa wa pasi. Akachungulia juu ya bega lake.

"Loo! Huyu kuku aliyepita hapa alikuwa mlevi au kilema?"

Hakujua ni kazi ya nani, masikini. Mama Wembe alijichekesha naye. Jirani akaenda zake. Mama Wembe akaiona siku ya ufunguzi: watu wamejipanga, wanaoneshana vidole, wanaulizana huyu kuku ni nani. Akamwona Kesho amesimama katikati yao, anasikia. Akamwona anatoka, anaelekea kilabuni. Ndivyo alivyojiambia baadaye, kwamba alimkinga mtoto wake na kicheko. Lakini mkono ulikuwa umeshauchukua wembe kabla hajamaliza kuwaza.

Alifumua kidogo kidogo. Akapitisha kitambaa chenye maji, akasugua matundu ya sindano kwa ukucha, akakandamiza pasi ya moto mpaka nyuzi zikarudi mahali pake na pazia likawa kama halijawahi kuchomwa sindano. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko watu wote. Kisha akaushona ule mfuko upya kwa mkono, mishono midogo iliyofuatana kwa adabu, na upande wa juu, aliodhani Kesho ameusahau, akauziba. Alipomaliza alishusha pumzi. Akapika chai.

Siku ya kutundika ukumbi ulijaa. Pazia lilipanda taratibu, watu wakapiga vigelegele, wakaanza kutafutana humo: hilo gauni la mama, ile tai ya mwalimu! Hakuna aliyemcheka mtu. Binti mmoja aliyekuwa haonekani nje alisimama mbele ya kiraka chake kilichokaa upande upande, akapigiwa makofi mpaka akaficha uso. Muuza mkaa mwenyewe alifuta machozi kwa mkono mweusi, akabaki na uso wa paka.

Kesho alilizunguka pazia akitafuta. Aliupita ule mfuko. Akarudi, akaupita tena. Mara ya tatu akasimama. Mama Wembe, kwa nyuma, aliona mabega ya mwanawe yakishuka.

Mhifadhi akaja mbio. "Kesho! Hebu ona! Wakati ule ulikuwa huwezi hata... umewezaje?"

Kesho alimtazama yule dada, halafu akamtazama mama yake kule nyuma. "Nilijitahidi," akasema. "Asante, dada."

Hakumsaliti. Jambo hilo ndilo lililomchoma Mama Wembe kuliko yote, baadaye.

Watu hupenda kusimulia kwamba alitoka pale moja kwa moja akaenda kulewa. Si kweli. Alirudi nyumbani na mama yake. Akakaa kwenye kiti cha baba yake.

"Kilikuwa kibaya sana?" akauliza.

"Mwanangu, watu wangekucheka."

"Wangecheka tu, mama. Mimi nimechekwa miaka yote." Alivitazama vidole vyake. "Na mdomo wa mfuko umeuziba."

"Nilidhani umesahau."

"Sikusahau. Nilitaka mtu akipita aweze kutia mkono ndani, kama wale watoto walivyokuwa wanamfanyia baba. Kilikuwa kitu changu, mama. Mimi mlevi, nilikuwa nimefanya kitu nikakimaliza."

"Nisamehe, baba yangu."

"Nimekusamehe. Ulitaka nionekane vizuri, najua." Na alimaanisha. Lakini kusamehe ni kitu kimoja, na kuamka asubuhi ukanawa uso ukaenda mahali ni kitu kingine.

Hakwenda tena ukumbini. Mhifadhi alikuja kumwulizia, maana sasa walitaka kuanza vitambaa vya viti vya ukumbi, na akamwomba Kesho awafundishe wapya, kwa jinsi mkono wake ulivyotulia. Mama Wembe alikuwa jikoni. Alimsikia mwanawe akijibu kwa upole, "Kesho, dada. Kesho nitakuja."

Sufuria ilimtoka mkononi. Alijua.

Walimkuta mtaroni, asubuhi baada ya mvua. Maji yenyewe hayakufika hata magotini. Safari zote zile alizookotwa palikuwa na mtu anapita, akicheka lakini anapita. Safari hii hakupita mtu.

Mtaa ulimzika vizuri. Muuza mkaa ndiye aliyechimba, hakutania hata neno moja. Watu walimwambia Mama Wembe, jipe moyo, mwenzetu, angalau ameacha alama yake kwenye pazia, kile kiraka kizuri kuliko vyote. Walisema kwa mapenzi. Yeye aliitikia kwa kichwa, na kila aliyesema alikuwa anamchoma.

Matanga yalipokwisha akaenda ukumbini mchana, hakuna watu. Alimkuta mhifadhi, akamwambia yote, wima, bila kujitetea. Yule dada hakumlaumu. Alikaa chini jukwaani, akalia kama mtoto, kisha akauliza, "Unataka kufanya nini, mama?"

"Nataka kumrudishia mishono yake."

Walilishusha pazia pamoja. Mama Wembe akavaa miwani, akatoa wembe. Kwanza aliufungua mdomo wa mfuko. Hilo aliliweza, kufumua hakukuwahi kumshinda. Akatia vidole ndani. Kulikuwa kutupu. Kisha akafumua pande nyingine zote, akavuta nyuzi zake, akainamisha miwani karibu na kitambaa kuyatafuta matundu ya Kesho, ili apitishe sindano mle mle alimopitisha yeye.

Hakuyaona. Aligeuza kitambaa nyuma, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Hakuna hata tundu moja. Aliyafunga mwenyewe, kwa ukucha na maji na pasi, na pasi ya Mama Wembe huwa haiachi kitu.

"Basi nitashona kama alivyoshona," akasema. "Ninakumbuka. Mmoja mrefu, wa pili mfupi."

Akapitisha uzi, akaanza. Sindano iliingia, ikatoka, na mshono ukalala sawa. Akaufumua. Akaanza tena kwa kupindisha makusudi, na mkono ukajirekebisha wenyewe njiani. Akafumua. Akavua miwani, akajaribu bila kuona vizuri. Mwisho akafumba macho kabisa, machozi yanamtiririka, akashona upande mzima kwa kupapasa, akijichoma, akimwita mwanawe kwa jina lile walilompa yeye na mumewe siku alipozaliwa, ambalo hakuna mtu mtaani aliyekuwa akilikumbuka.

Alipofikia pembe akasimama. "Niangalizie, mwanangu," alimwambia mhifadhi. "Imepinda?"

Yule dada aliitazama mishono kwa muda mrefu. Alitamani sana kusema uongo.

"Hapana, mama," akasema. "Imenyooka."