Kibuyu cha Kumuaga Janeffer

Mwanga wa Mogogosiek hauji wote mara moja. Hugusa kwanza vichwa vya michai, ukashuka polepole ndani ya ukungu, ukafika chini umechoka, kama mtu aliyetoka mbali kwa miguu.

Katika mwanga huo Chepkemoi wa kijijini alikuwa akipeleka maziwa chuo kikuu, kwa klabu ya wanawake.

Klabu ilianza zamani, chuo kikiwa bado vyumba vya mabati, wasichana wachache na baridi nyingi. Wakasukana nywele. Wakaimba. Mwenzao akijifungua hospitalini Longisa, walimpelekea uji, wameupakata njia nzima usimwagike. Jumamosi ilikuwa yao.

Jumamosi moja ya mvua Janeffer, aliyekuwa akisomea ualimu, alimwona Chepkemoi mlangoni na maziwa yake. "Kemoi, ingia bwana! Ama wewe ni sukari, utayeyuka?" Akaingia. Yeye aliyeachia shule darasa la nane akakaa kati ya wasomi, akasukwa, akasuka, akacheka mpaka mbavu zikauma. Jumamosi ikawa yake pia.

Na klabu ilikuwa na desturi. Anayemaliza masomo hunywa mursik, maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu chenye unga wa mkaa, kisha humpa kibuyu yule anayemwachia kiti chake.

"Changu ni chako," Janeffer alimwambia, vidole vikiwa ndani ya nywele zake. "Nani mwingine, aki?"

Basi Chepkemoi akaitengeneza mursik mwenyewe. Akasugua kibuyu kwa mkaa, akachemsha maziwa, akayaacha yapoe, akayamimina, akangoja. Kungoja alikuzoea. Kila asubuhi aliweka sikio kwenye kibuyu, kama mkunga kwenye tumbo.

Siku ikafika. Janeffer akanywa, vigelegele vikapanda. Akageuka, kibuyu mkononi. Mwenyekiti wa klabu akamwinamia: "Kiti ni cha mwanafunzi, Janeffer. Si unajua?"

Alijua. Ee Janeffer, ulijua tangu lini? Kibuyu kikampita Chepkemoi karibu hivi, mpaka harufu yake ikamgusa uso, kikatua kwa Nyathira, msichana wa mwaka wa kwanza.

Chepkemoi akapiga makofi. Wengine walipoacha, yake yalikuwa bado yanalia.

Nyathira akanywa, akapangusa mdomo. "Woi, hii ni tamu! Nani alitengeneza?"

Janeffer akaangalia sakafu, shingo imelegea kama jani lililochumwa jana.

"Ni ya kununua," Chepkemoi akasema. "Sokoni Chepilat."

Na Janeffer akashusha pumzi. Pumzi ndogo tu, ya mtu aliyetuliwa mzigo. Hiyo ndiyo iliyomvunja Chepkemoi.

Nje, ukungu ulikuwa umeisha. Mwanga umejaa kila mahali, mweupe, mkali, hauna hata pembe ya kumficha mtu. Wachumaji wa chai wakamwona akija, mikono mitupu.

"Kemoi! Sherehe ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri," akasema, na mwanga wote ukiwa usoni pake.