Ndoo ya Bluu Kwenye Foleni

Kule hotelini walimwonyesha kila kitu isipokuwa watu. Siku ya nne mgeni akachoka na bustani ile iliyofyekwa mpaka inakera, akatoka kwa mlango wa nyuma, akatembea hadi alipowakuta wanawake kwenye bomba la mtaa. Hapo roho yake ikatulia.

Waliojipanga si wao, ni ndoo. Wenyewe walikaa kivulini wakitaniana, na kila ndoo moja ikijaa, zilizobaki zilisukumwa mbele kwa mguu. Mgeni, kwa kiherehere chake, naye akaanza kusukuma.

"Huyu leo kapata kibarua!" akasema mshika ufunguo wa bomba, waliyemwita Bi Funguo. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kulikuwa na ndoo moja ya bluu, imepauka, mkono wake umefungwa kamba. Ilisukumwa kama nyingine, ila hakuna aliyeitazama, na mgeni alipoigusa alihisi kama mtu amesimama nyuma yake. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Ilipofika mbele, Bi Funguo alikuwa ameingia ndani kupokea simu, bomba kaliacha wazi, basi mgeni akaitega mwenyewe. Ikajaa.

Vicheko vikakatika.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimesaidia tu."

"Hiyo haijazwi. Ikifika mbele inarudishwa nyuma."

Wakamweleza kwa kunong'ona. Binti wa nyumba ile yenye mlango wa kijani aliipanga asubuhi moja, akasema anarudi kuchukua kifuniko. Hajaonekana tena, mwaka wa kumi na moja huu. Mama yake alikataa katakata mtu mwingine kuijaza. Nao wakawa wanaisukuma, mvua jua, ili binti akirudi asikute amepoteza nafasi.

 Mgeni akainama aimwage, lakini mlango wa kijani ulikuwa umeshafunguka. Mama alikuwa ameiona kupitia dirishani, na sasa anakuja mbio, peku.

"Yuko wapi?"

Akaishika ndoo kwa mikono miwili.

"Si imejaa? Mwanangu yuko wapi?"

"Ni mimi, mama," mgeni akasema. "Sikujua. Nisamehe, naimwaga sasa hivi."

Mama akayatazama maji.

"Usimwage. Nimeshaiona imejaa. Nibebee."

Mgeni akabeba hadi ndani. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, kitanda cha msichana kimetandikwa, na kandambili zake zimeelekezwa mlangoni. Mgeni aliogopa hata kuzipita. Mama akachota maji kwa viganja, akanawa uso, akanawa tena, kisha akatoa sauti ambayo mgeni hakuwahi kuisikia kwa binadamu.

"Mwanangu amekufa," akasema. Hakuwa amewahi kulitamka neno hilo.

Kule nje wanawake wakaziacha ndoo zao. Wakaja mmoja mmoja, wakavua viatu mlangoni, wakaketi sakafuni kama watu waliofika msibani.