Upande wa Kushoto wa Mama

Mjomba Beatus aliishika picha ya kifua cha mama kwa ncha za vidole, akainyanyua mlangoni kwenye mwanga. Mbavu zikajitokeza, na pembeni doa jeupe la ukubwa wa kiazi.

"Daktari amesema uvimbe uko wapi?"

"Kushoto, kaka," mama akajibu.

"Mbona huu uko kulia?"

Baba mdogo Theodori akasogea, akachungulia, akajipiga paja. "Kweli bwana! Wanataka kumpasua mtu na hata upande hawaujui!"

Tulikuwa nyumbani kwetu Michenga, ndugu wamekutana kupanga safari ya mama kwenda kupasuliwa Dar es Salaam. Baba alikuwa zamu Kidatu, kwenye miwa, akamtuma mdogo wake amwakilishe. Mama alikuwa amekohoa tangu tunapanda mpunga mpaka tunavuna. Daktari wa Ifakara alisema uvimbe ukitolewa sasa anaweza kupona, tukichelewa utabana moyo. Mama alishakubali. Begi lilishafungwa.

"Basi," mama akasema taratibu, "kama wenyewe hawajui, siendi."

Nani angebishana? Picha ndiyo kazi ya mjomba. Mradi wa kulinda wanyama umefunga kamera kwenye miti, kule tembo wanakovukia bonde. Mnyama akipita, kamera inajipiga yenyewe. Mjomba anakaa ofisini Ifakara anazipitia, maelfu, nyingine ni majani tu yaliyotikiswa na upepo. Tembo anawajua kwa masikio, mmoja mmoja.

Mwaka juzi mashamba yetu yaliliwa. Watu wakataka auawe jike mmoja mwenye sikio la kushoto lililochanika. Picha ya mwizi ikaletwa mkutanoni, kila mtu akanyoosha kidole: huyu huyu, sikio la kushoto! Mjomba akasimama. "Huyu anatuangalia," akasema. "Kushoto kwenu ni kulia kwake. Siye." Jike lile likapona. Nilikuwepo, nimejificha nyuma ya akina mama.

Kujificha ndiko ninakokuweza. Darasani mwalimu akiniita, nalijibu dawati. Lakini siku ile niliangalia picha, nikamwangalia mama, anavyohema kwa mabega, na masikio yangu yakaanza kuwaka moto.

"Shikamoo mjomba," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi.

Watu wakacheka. "Kumbe Teddy ana ulimi!" akasema baba mdogo.

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Yule tembo wa mkutanoni, ulisema anatuangalia." Sauti ilikuwa inakatika. "Mama je? Hapo kwenye picha, naye si anatuangalia?"

Baba mdogo akamnyang'anya mjomba ile picha, akaenda kusimama mbele ya mama uso kwa uso, akawa anapima kwa mikono kama fundi nguo. Kulia kwangu. Kushoto kwake. Kulia kwangu.

"Lo! Kumbe daktari yuko sawa. Shemeji, tulitaka kukuponza!"

Mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamtazama mjomba.

"Kaka. Ulijua?"

Mjomba akavuta kigoda, akakaa. Ghafla alionekana mdogo ndani ya shati lake la mradi.

"Nilijua tangu nilipoishika."

"Sasa?"

"Sikitu nilimsainia mimi, Digna."

Sikitu alikuwa mdogo wao wa mwisho. Alipelekwa Dar kupasuliwa kabla sijazaliwa, akarudi ndani ya sanduku. Hilo nilikuwa nalijua. La mjomba kusaini karatasi ya kumpasua halikuwahi kusemwa nyumbani kwetu, na kwa jinsi wakubwa walivyoinamisha vichwa, nadhani hata wao walikuwa wanalisikia mara ya kwanza.

Kikohozi kikamshika mama. Akakisubiri kiishe.

"Mimi nitajisainia mwenyewe," akasema. "Wewe utanisindikiza tu."

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo tulipanda treni watatu. Dar, daktari wa upasuaji alitufungulia kompyuta. Kifua cha mama kilikuwa humo, kimekatwa vipande vyembamba kama mkate. Akaweka kidole.

"Hapa uvimbe na mshipa mkubwa vinakutana. Vimeng'ang'aniana au vimepakana tu, picha haisemi. Nitajua nikishafungua."

"Hata picha zetu ziko hivyo hivyo," mjomba akasema. "Tembo unamwona. Anakokwenda hukuoni."

Vilikuwa vimepakana tu. Tulilijua hilo jioni, baada ya kukaa kwenye benchi siku nzima, mjomba akinunua maji ambayo hakuna aliyeyanywa. Msimu huu mama amerudi shambani, anapalilia na anagomba.

Ila nikikumbuka safari ile, jioni siyo ninayoiona kwanza. Naiona asubuhi yake. Nesi alikuja na karatasi ya ridhaa na biki, akampa mjomba bila hata kuuliza, kwa sababu ndiye mwanaume aliyekuwepo. Mjomba akavipokea. Kisha akavipeleka kitandani, akamwekea mama mapajani, akasogea dirishani akatugeuzia mgongo.

Mama aliandika jina lake lote, mpaka la babu yake, herufi moja moja. Halafu akapuliza wino ukauke, ingawa ilikuwa biki.