Mpango Kazi wa Mashine Moja

TANGAZO. Uongozi wa Mashine ya Kukoboa Mpunga ya Melania, Kagongwa, unawatangazia wafanyakazi, wateja na umma kwa jumla kwamba, kuanzia Jumatatu, chai ya asubuhi itanywewa saa nne na robo badala ya saa nne kamili. Uongozi unasikitika kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.

Uongozi uliotajwa hapo ni mimi. Wafanyakazi ni Bujiku, anayeendesha mashine, na mke wangu Melania, mwenye mashine, ambaye alilisoma tangazo hilo ukutani akiwa ameshika kikombe, akakimaliza, akaenda zake. Umma kwa jumla haukutoa maoni.

Nilistaafu nikiwa afisa mipango wa halmashauri ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado inahangaika kutekeleza niliyoiandikia. Niliporudi nyumbani nilikuta biashara ya mke wangu ikiendeshwa bila mpango wowote. Wateja walikuja walipotaka, wakaanika mpunga uani juu ya maturubai, wakapiga soga mpaka ukauke, na Bujiku akawakobolea kwa utaratibu ambao hakuna aliyeweza kunieleza. Mara nyingine aliondoka mashineni ghafla bila kusema neno, na Melania akashika nafasi yake bila kuuliza neno. Biashara ilikuwa inapata faida. Nilitambua kwamba faida isiyopangwa ni ajali, na ajali haipaswi kuachwa iendelee.

Basi nikaandaa Mpango Kazi. Mwanzo wa wiki ukawa wa wafanyabiashara wenye malori, na Jumatano ikawa ya wakulima wadogo. Mwendesha mashine asiiache mashine inapounguruma. Mwenye mpunga asimame kando yake, azishuhudie punje zake mwenyewe, ili pasiwe na malalamiko. Na mtu asiye mwendeshaji rasmi asiguse swichi. Kifungu hicho cha mwisho kilimwondoa Melania kwenye mashine aliyoinunua kwa jasho lake. Nilimkabidhi Mahusiano ya Wateja. Jumatano ya kwanza alikwenda Kahama kununua mkanda wa mashine dukani kwa mzee Badrudin. Alisema huko angalau atazungumza na mtu anayejua anachokiuza.

Jumatano hiyo ndipo alipokuja Mbuke, mjane anayelima mpunga upande wa bondeni. Binti yake mdogo, Violeth, alikuwa ameposwa, na wazee wa upande wa mwanamume walikuwa wanatoka Runzewe kesho yake kuja kuzungumza habari ya ng'ombe. Mchele wa kuwapikia ulikuwa bado mpunga. Wageni wa namna hiyo hawalishwi chenga. Sahani ya punje zilizovunjika huwafikia kama maoni ya familia juu ya ndoa yenyewe.

"Mwangaluka, Baba Nelly," alisema. "Umekauka vizuri, ung'ate uone. Nataka niondoke hapa na mchele mzima. Wale watu wakifika asubuhi, wakute moto unawaka."

Nilimwelekeza asimame ndani ya duara la chaki nililolichora kando ya mashine. Nilipogeuka, mashine ilikuwa inaunguruma peke yake. Bujiku alikuwa amechutama nyuma ya lundo la pumba.

"Bujiku, rudi kazini. Kifungu cha mwendesha mashine kinasemaje?"

"Nimekisoma, mzee."

"Basi?"

"Yule ni mama mkwe."

"Leo ni mteja."

"Mzee, nimevaa singlendi ya matundu na jasho linanichuruzika. Unataka nisimame naye bega kwa bega? Wewe, mama yake Mama Nelly akija hapa, huwa unakaa wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Mama mkwe wangu anapotutembelea, mimi hula chumbani, na ikibidi kutoka hutumia dirisha. Mimi ni Msukuma; mila hii sikuhitaji kuisoma vitabuni, ingawa nimeisoma huko pia. Nilichokosa ni safu ya kuiandika kwenye jedwali.

Mbuke naye alikuwa amejitanda kanga hadi kwenye nyusi, akaligeuzia mgongo lundo la pumba.

"Baba Nelly," alisema akiitazama barabara, "mimi nitakaa nje kabisa, yeye akoboe. Au Mama Nelly asimame mwenyewe, kama siku zote."

"Mama Nelly yuko Kahama, kwa mujibu wa mpango. Na wewe usiposhuhudia, kesho utalalamika."

"Nimlalamikie nani? Mkwe wangu?"

"Mwambie mama akikaa nje nakoboa sasa hivi," ilisema sauti kutoka kwenye pumba.

Watu wawili wasioweza kutazamana walikuwa wamekubaliana. Nilibaki mimi, niliyeweza kuwatazama wote. Niliwaeleza kwamba kuvunja kanuni wiki yake ya kwanza ni kuifuta, kisha nikajikaimisha uendeshaji rasmi, kwa mdomo, mbele yao. Iko skrubu inayozisogeza karibu zile raba mbili za kumenyea. Niliikaza. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kuandikiwa barua ya onyo kwa kukaza jambo.

Gunia la kwanza lilitoka jeupe na laini, nikaanza kuridhika. Mbuke alichota kiganjani, akapuliza.

"Baba Nelly, hizi ni za wakwe au za vifaranga?"

"Mwambie mama asikubali gunia la pili!"

"Nimesikia," alisema Mbuke, ambaye kwa mujibu wa mila hakuwa amesikia.

Bujiku alizunguka kwa nyuma, akapakia magunia yaliyobaki kwenye mkokoteni, akayasukuma kwa njia ya majarubani hadi kwa jirani yetu Amosi, mwenye mashine ya aina ileile na asiye na mpango. Mbuke alifuata barabara kuu. Walifika bila kuonana, na mchele ukatoka mzima.

Melania aliporudi jioni alilikuta gunia la chenga mlangoni.

"La nani?"

"La Mbuke."

"Nani amekoboa?"

"Nilikuwa nakaimu."

Alitoa gunia la mchele wetu mzuri, akampelekea Mbuke, akabaki huko kusaidia mapishi. Nimeambiwa wazee wa Runzewe walikula, wakasifu, wakaongezwa, na mazungumzo ya ng'ombe yakaenda vizuri. Mimi sikualikwa. Siku hiyo nilikula chenga, na hali ya ghala inaonyesha kwamba nitaendelea kuzila. Mbuke sasa hukoboa kwa Amosi, na akina mama wa kwaya yake wamemfuata.

Kutokana na hali hiyo niliitisha kikao. Melania alitoa hoja kwamba turudi kama zamani. Bujiku aliunga mkono. Kura zilipigwa, hoja ikashinda, nami kama mwenyekiti nikaipokea kama maoni tu. Azimio lililobandikwa ukutani linasomeka hivi: kuanzia Jumatano ijayo, mama mkwe wa mwendesha mashine anayekusudia kuleta mpunga ataandika barua ya kujitambulisha wiki moja kabla, na ataikabidhi yeye mwenyewe, mkononi, kwa mwendesha mashine.