Hesabu, Nane

Kanisani kwetu Balaka, Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani wa Fomu Foo, watahiniwa tunaitwa mbele. Kila mmoja anatamka pointi atakazopata, kina mama wanapiga vigelegele, mchungaji anasema amina, unarudi kukaa. Na kwa kuwa kwetu pointi chache ndiyo sifa, moja kwa kila somo, masomo sita, basi kila mtu anatamka sita. Hata wale wanaolala darasani mpaka dawati linalowa mate.

Mimi mwaka wa kwanza nilitamka sita kwa sauti nzito kuliko wote. Hesabu nikapata tisa. Tisa ni kufeli, chini yake hakuna kitu. Chuo cha ufundi wa friji wakanirudishia mlangoni: ulete hesabu, hata nane, hata ile nane ya kusukumwa. Nikarudi shule kurudia, nikikaa na watoto walioniita anko.

Sasa Madam Nyasulu, mwalimu wetu wa hesabu, siku moja akaniita na karatasi yangu ya majaribio.

"Limbikani, umepata ngapi?"

"Kumi na tisa, madam. Kwa mia."

"Na mwisho wa mwaka unataka nini?"

"Sita, madam."

"Sita za nini, mayai? Nimeuliza unataka nini wewe."

"Nataka kutengeneza friji."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Haya, hayo ni maneno. Kufaulu tuseme arobaini. Unazo kumi na tisa. Tunatafuta ishirini na moja tu, tena zile zilizo karibu. Seti, takwimu, kuchora pembe kwa bikari. Maswali matano kwa siku. Ukifanya ishirini utaacha keshokutwa, nakujua."

"Na vekta, madam?"

"Ukikutana nazo, zisalimie upite."

Basi nikafanya matano. Siku nyingine nilitamani kufanya la sita kwa kiburi, nikajizuia. Mwezi wa kwanza nikafika ishirini na sita. Wa pili, thelathini na moja. Wiki ile ya kanisa nilikuwa na thelathini na nane, na usingizi nilikuwa nao pia.

Jumapili ikafika. Baba yangu ni mzee wa kanisa, anakaa mbele kabisa na tai yake nyekundu. Yotamu akatamka sita, vigelegele. Wa pili sita, wa tatu sita. Tadala, binti wa mama muuza mandasi, akaona sita zimeshazoeleka, akapaza sauti: "Tano!"

Kanisa likalipuka. Tano haipo duniani, ndugu zangu, masomo ni sita! Lakini mama mmoja alizunguka mpaka kitenge kikamlegea.

Zamu yangu. Nikamwangalia baba, nikaangalia sakafu.

"Hesabu, nane."

Mchungaji akaniinamia. "Umesema sita, mwanangu?"

"Nane, mchungaji. Ya hesabu. Hizo nyingine zitakuja zenyewe."

Vigelegele hakuna. Nyuma mtu akakohoa kwa niaba ya ukoo wote.

Nyumbani baba hakugusa nsima, ugali wetu. "Yaani umesimama mbele ya Mungu, mwenye uwezo wote, ukaomba nane?"

"Sikuomba, baba. Nilimpa taarifa."

"Toka mbele yangu."

Nikatoka, nikafanya maswali yangu matano. Siku ya mtihani vekta zilikuja kweli, nikazisalimia.

Matokeo yalipobandikwa shuleni baba alikuja mwenyewe, na tai. Akateremsha kidole kwenye orodha. Yotamu, hesabu tisa. Tadala, pointi ishirini na nne, hesabu tisa. Kikafika kwangu, kikasimama.

"Hii nane ndiyo ile uliyosema?"

"Ndiyo, baba."

"Ile ile?"

"Ile ile."

Akavua tai, akajifuta nayo uso. Kisha akawageukia wazazi wenzake, kifua mbele kama aliyefanya mtihani yeye: "Kanisa zima, aliyetamka kitu kikatimia ni mmoja tu! Mmoja!"

Nikajua nimekwisha. Kesho yake, nafungasha begi la chuo, mama Tadala huyo mlangoni na mandasi kwenye sahani.

"Nabii, mwanangu anarudia. Naomba umtamkie sita."

"Mama, mimi siyo nabii. Aje na karatasi yake ya majaribio ya hesabu."

"Karatasi ya nini tena? Weka mkono tu."

"Alipata ngapi?"

Akasogea karibu, akanong'ona: "Kumi na nne."

"Basi mwambie aje leo kabla sijaondoka. Tuna ishirini na sita za kutafuta."

"Na sita je?"

"Mama, acha hayo mandasi hapo, umwite mtoto."