Kalenda ya Bi Stoo

Bi Stoo alikuwa amestaafu kazi, lakini kazi yenyewe ilikataa kumtoka. Miaka ishirini na saba alitunza stoo ya kiwanda cha sabuni, na hakuna boksi lililotoka mle bila yeye kujua limetoka saa ngapi, limebebwa na nani, na huyo mbebaji alikuwa na uso gani. Sasa alikuwa anaishi kwa mwanawe, fundi wa majokofu, na stoo iliyobaki ya kulinda ilikuwa jiko. Na jikoni humo, jamani, vitu vilikuwa vinatoka.

Tangawizi ilikuwa inatoka. Mdalasini ulikuwa unatoka. Wala si kwa chai, maana chai ya nyumba ile aliipika mwenyewe na alijua inakula nini. Vilitoka kwa mkupuo, siku tatu nne kwa mwezi, kisha kimya. Na mtoaji alikuwa mmoja tu: mkwewe, mke wa mwanawe, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi mpaka watu wakasahau kwamba mumewe naye ni fundi.

Sasa wewe fikiria. Ndoa ina miaka mitatu, mtoto hakuna. Na kila mwezi mwanamke anachemsha kisufuria cheusi mpaka nyumba nzima inawashwa pua, anakunywa macho kayafumba, anaingia chumbani na kufunga kwa ufunguo. Ukimwuliza, anasema, "Tumbo tu, mama. Tumbo la mwezi." Tumbo la mwezi! Bi Stoo naye alikuwa msichana, aliumwa kama wengine, akakaza roho na kwenda kazini. Hili la huyu lilikuwa na jambo ndani yake. Alikuwa anazuia mimba, au anazitoa kabisa. Ndivyo Bi Stoo alivyoamini, na akishaamini kitu, kumtoa hapo ni shughuli.

Basi akaanza kuandika. Ndani ya mlango wa kabati lake alitundika kalenda, ile ya kila mwezi na ukurasa wake, na kila siku ya kisufuria aliweka alama nyekundu na maneno mawili matatu. "Tangawizi imeisha tena." "Kafunga mlango saa nne, kafungua saa nane." "Anazunguka uani ameshika kiuno. Anamngoja nani?" Nia yake ilikuwa moja, wala hakujidanganya: siku itafika ataitandika kalenda hiyo mezani mbele ya mwanawe, na Fundi atafungasha cherehani yake arudi kwao. Mwanaume apate mke wa kumzalia.

Muuza duka wa kona naye hakusaidia. "Mkweo ananunua tangawizi kama anafungua mgahawa," alimwambia siku moja huku anafunga sukari. "Mwenzangu, zile ni za chai kweli?"

"Hata mimi najiuliza," alisema Bi Stoo, na usiku wake ukaharibika.

Mwezi wa saba akaona isiwe tabu, akapiga chabo. Usicheke. Mtu mzima wa miaka sitini na tatu alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachungulia dirishani penye upenyo wa pazia. Fundi alikuwa kwenye mkeka, amepiga magoti, paji la uso limegusa sakafu, mikono kainyoosha mbele, anapumua taratibu. Kisha akageuka chali, akakumbatia magoti kifuani na kujibembeza huku na huku. Kisha akajipaka mafuta tumboni, akawa anajikanda kwa kuzungusha kiganja, mwisho akaweka juu yake chupa ya mpira ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Muda wote midomo ilikuwa inachezacheza. Bi Stoo alishuka kwenye ndoo. Makubwa haya! Ile sasa si dawa tu, ile ni ibada. Akaandika: "Analala chini anaongea na mtu. Hakuna mtu."

Mwezi wa tisa, siku ya Jumatatu, mwanawe alipiga simu kutoka mji mwingine, alikokuwa anafunga mitambo ya vyumba vya baridi. Alisema anarudi Jumamosi.

"Njoo, mwanangu," alisema Bi Stoo. "Nina jambo la kukuonyesha."

"Jambo gani, mama?"

"Utaliona ukija."

Tangu hapo aliitoa kalenda kabatini, akaikunja na kuitia kwenye mkoba, mtu asije akaifumania kabla ya siku yake. Mkoba nao hakuuacha, hata bafuni alikwenda nao.

Alhamisi asubuhi, aliposikia Fundi anaguna chumbani, akajua siku zimefika. Akaamua kumpima. Alichukua tangawizi, mdalasini, mafuta na ile chupa ya mpira, akavisukumia chini ya kitanda chake nyuma ya viatu vya zamani. Kama kweli ni tumbo, alijiambia, litapita lenyewe kama langu lilivyokuwa linapita. Kama ni kitu kingine, leo atahaha na mimi nitamjua.

"Mama, hujaona chupa yangu ya mpira?" Fundi aliuliza. Alikuwa ameegemea mlango.

"Chupa gani?"

"Ile nyekundu. Na tangawizi nazo sizioni."

"Mimi na tangawizi zako wapi na wapi?"

Fundi alimwangalia kidogo. Alikwenda chumba cha mbele anakoshonea, maana alikuwa na sare za shule za kukabidhi kesho yake. Akapasha taulo kwa pasi, akalikunja, akaliweka tumboni na kukaa kwenye cherehani. Cherehani ikalia, ikanyamaza, ikalia, ikanyamaza. Halafu kilio kikaanza, cha chini chini, cha mtu aliyezibwa mdomo. Bi Stoo alikuwa sebuleni, ukuta mmoja tu kati yao. Akatoa kalenda mkobani, akaandika kwenye kisanduku cha siku hiyo: "Analia. Anaigiza."

Wino haujakauka, akasikia kishindo.

Katika maisha yake ya stoo Bi Stoo alishaona wavivu wengi wakijifanya wagonjwa, na alijua kitu kimoja: anayeigiza huchagua mahali safi pa kuangukia. Fundi alikuwa ameangukia matapishi yake. Midomo ilikuwa haina rangi, na vidole vimeng'ang'ania pindo la sketi. Hapo ndipo roho ilipomruka yule mama. Alipiga kelele mpaka jirani mwenye gari akaja bila viatu.

Zahanati haikuwa mbali. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mchovu, hana maneno mengi. Alimpima Fundi, akamtundikia dripu na kumchoma sindano, na alipoona amepata nafuu akavuta kiti.

"Maumivu haya yalianza lini?"

"Zamani, daktari. Ila mwaka huu yamezidi."

"Yamezidi vipi? Siku ngapi kwa mwezi? Yanakuja hata siku ambazo huna damu?"

Fundi alitikisa kichwa. "Sikuhesabu. Nilikuwa nakazana yapite tu. Nakunywa tangawizi, naweka maji ya moto, najinyoosha, natembea kidogo."

"Hivyo si vibaya, vinawapunguzia wengi. Lakini maumivu ya kukuangusha chini hayamaliziwi jikoni. Nataka uonwe na bingwa wa magonjwa ya wanawake. Ningekuwa na tarehe ningekuandikia barua leo hii. Bila tarehe watakurudisha nyumbani ukahesabu miezi mitatu kwanza."

"Mitatu mingine," alisema Fundi, na akafumba macho.

Bi Stoo alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, mkoba mapajani. Hakuna aliyejua kilichomo. Angeweza kunyamaza, akafika nyumbani, akaitia jikoni ikaungua, na dunia ikaendelea. Aliutazama mkono wa Fundi uliochomekwa sindano, mwembamba, kidole cha shahada kimejaa alama za sindano za kushonea.

"Tarehe ninazo mimi," alisema.

Daktari aliipokea kalenda, akaanza kuifunua na kuhesabu kwa ncha ya kalamu. "Mwezi wa kwanza siku mbili. Wa nne, tatu. Wa saba, tano, na hapa mbili nyingine katikati ya mwezi. Miezi tisa, hakuna hata mmoja uliorukwa! Nani kaandika?"

"Mimi."

"Mama, wewe ungekuwa muuguzi." Kisha macho yake yakaanza kusoma maneno, na sauti ikapungua. "'Kafunga mlango saa nne.' 'Anaongea na mtu, hakuna...'" Akaacha. Alifika kwenye siku ya leo na hakuisoma kwa sauti. Alimtazama tu Bi Stoo.

"Naomba nione," alisema Fundi.

Bi Stoo hakuwa na uso wa kumkatalia. Fundi aliisoma kuanzia mwanzo, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka kidole chake kikasimama kwenye maneno mawili ya mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unanisikia."

Hakupaza sauti. Angepaza, Bi Stoo angejua la kujibu, maana miezi tisa alikuwa anapanga majibu. Hili hakulipangia.

"Nilikuwa nakusikia," alisema.

"Kila mara?"

"Kila mara, mwanangu."

"Mimi nilidhani nalia kimya. Nilikuwa nauma taulo ili nisikusumbue." Fundi alijifuta uso kwa shuka. "Na chupa yangu iko wapi?"

Bi Stoo aliuweka mkoba sakafuni. "Chini ya kitanda changu. Na tangawizi. Na mafuta."

Fundi aligeukia ukutani. Kalenda aliibakiza mkononi. "Kailete," alisema. "Maji yawe ya moto."

Bi Stoo alirudi nyumbani kwa miguu. Maji yalikuwa yanachemka simu ilipoita.

"Mama," alisema mwanawe, "lile jambo linaninyima raha. Ni nini hasa?"

"Mkeo ni mgonjwa, na hakuanza leo. Mimi nilimsikia nikakaa kimya, na leo nikamwongezea maumivu. Anaandikiwa barua ya kwenda kwa bingwa. Usingoje Jumamosi."

"Ulimwongezea vipi, mama?"

"Atakuambia yeye. Kalenda anayo, itakueleza."

Akakata simu, akajaza chupa, akaenda chumba cha mbele kuchukua taulo. Lilikuwa limeanguka kando ya cherehani. Alipolikunjua kufunga chupa, aliona ncha moja imechakaa, nyuzi zimekatikakatika, na bado lina unyevu. Zilikuwa alama za meno. Miezi tisa alihesabu kila kitu ndani ya nyumba ile, taulo hilo alilianua kambani mwenyewe kila wiki, na alama hizo hakuziona hata siku moja.