Mahameli ya Marehemu

Asubuhi ile nilikata kitambaa cha bibi harusi, mahameli ya kijani aliyoachiwa na marehemu mama yake. Kilitosha gauni moja tu, hakikubaki hata cha kufungia kidonda. Mahameli ina manyoya laini kama ya paka, na katika vipande vyote sharti yalale upande mmoja, la sivyo rangi hutofautiana. Mimi, niliyeshona nguo kwa miaka arobaini, ubavu wa kushoto wa gauni niliukata juu chini. Nilipoweka vipande viwili pamoja dirishani, kimoja kilikuwa kijani kibichi, kingine kikaonekana cheusi kama masizi.

Maji yalikwisha kumwagika. Nilikaa na mkasi mapajani, nikatamani ardhi inimeze.

Saa nne bibi harusi akaja, anacheka. "Bibi, nipime upesi kabla furaha haijaninenepesha."

Nikamwonyesha. "Nimekiharibu, mjukuu wangu. Sina la kujitetea."

Alikipapasa kipande kile, akakilaza shavuni, machozi yakamtoka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Harusi ni keshokutwa, bibi," akasema. "Kishone hivyo hivyo. Nitavaa."

"Watu watakucheka."

"Wacheke. Nitawaambia ndivyo nilivyotaka."

Neema nilizoea kuitaja mvua ikinyesha, au chungu kikijaa. Hii ilinilemea kuliko kofi. Nikachukua sindano, uzi ukakataa kuingia kwenye tundu lake. Bibi harusi akaichukua sindano, akatunga uzi mwenyewe, akanirudishia.